Kamusi Iliyoliwa Mpaka Herufi M

Mume wangu amekula nusu ya Kiingereza. Sitanii, wala si namna ya kusema. Amekitafuna kwa meno yake, ya kwake na ya bandia, karatasi baada ya karatasi, kuanzia A mpaka M, akishushia kwa chai ya shayiri. Kama kuna mke mwingine hapa Yeongju, mji wetu wa matufaha huku Korea, ambaye mumewe anapata choo chenye maandishi, basi ajitokeze tufarijiane.

Anaitwa Pyo Deok-su. Ana miaka sitini na sita, na ni kinyozi wa zamani kwelikweli, wa kiti cha chuma kinacholala na taulo la moto usoni. Mimi namwita Baba Tae-rim, kwa jina la mwana wetu wa pekee, kama wanawake wa rika langu wanavyowaita waume zao. Nikikasirika namwita mzee. Miaka hii mitatu nimemwita mzee kuliko jina lingine lolote.

Habari ya kula kamusi hakuianzisha yeye. Enzi zetu za shule kila darasa lilikuwa na mvulana mmoja wa namna hiyo. Unakariri ukurasa wa mbele, unakariri wa nyuma, ukishayajua maneno yote unaichana karatasi na kuila, usije ukapata pa kurudi kuchungulia. Vijana wa leo wanadhani ni hadithi tu. Hadithi gani! Kaka yangu alikula mpaka C, tumbo likamvimba, mama akamkimbiza kwa ufagio uwanja mzima. Na ilikuwa na masharti yake mawili: huli karatasi usiyoikariri, na huruki ukurasa. Anayeruka ni mwizi. Baba Tae-rim aliacha shule akiwa na miaka kumi na minne ili ajifunze kunyoa. Kamusi hakuwahi kuwa nayo. Nadhani iliendelea kumkaa rohoni miaka yote hiyo, jinsi alivyokuwa akiwatazama wenzake wakitafuna na yeye akifagia nywele za watu.

Sasa kisa chenyewe. Miaka mitatu iliyopita Tae-rim, aliyekuwa akifanya kazi Ayalandi, alimleta nyumbani msichana wa huko, Orla, ili tumwone kabla ya kufunga ndoa. Walipanda ngazi zetu wamebeba sanduku la matufaha. Kuleta matufaha Yeongju ni sawa na kumpelekea muuza samaki zawadi ya samaki, lakini mtoto wa watu angejuaje? Alikuwa ameshajifunza hata kuinama, mgongo umenyooka, mikono mbele. Mume wangu akafungua mlango, akamtazama Orla, akamtazama Tae-rim, akasema, "Mimi sina mtoto wa kiume." Akafunga. Puu! Mimi nilikuwa jikoni na mikono imejaa unga. Nilipofika nje nilikuta matufaha tu kwenye ngazi.

Harusini nilikwenda mwenyewe, nchi ya mvua, nimevaa hanbok yangu ya hariri, vazi letu la sherehe, ikaloa mpaka kwapani. Niliporudi nilikaa siku arobaini simsemeshi. Nilikuwa napika wali wa mtu mmoja, naula mbele yake.

Kisha akazaliwa Nuala, mjukuu wetu wa kwanza. Alipofikisha miezi miwili Tae-rim akapiga simu. Nilikuwa naosha vyombo, nikaweka spika, na mzee yuko palepale sakafuni anakata kucha juu ya gazeti.

"Mama," Tae-rim akasema, "tunataka kumleta mtoto asherehekee mwaka wake wa kwanza hapo kwenu."

"Ee, mwanangu! Njooni hata leo!"

"Ila nikwambie ukweli. Orla amesema anakuja mara moja tu. Kama Baba hatamwambia lolote kuhusu siku ile ya mlango, hatarudi tena. Na mtoto hatarudi. Na mimi nitakuwa upande wake, Mama."

Mkasi wa kucha ukanyamaza. Sikumtazama, lakini nilijua amesikia kila kitu.

Kesho yake asubuhi nikamkuta kibarazani na kikamusi cha mfukoni, kile cha Kiingereza kwa Kikorea wanachotumia watoto wa shule, karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu.

"Mzee, hicho nini?"

"Kamusi."

"Ya kufanyia nini?"

"Ya kuongea na mke wa Tae-rim."

"Si Tae-rim anajua lugha zote mbili? Wewe sema Kikorea chako, yeye atatafsiri."

"Maneno mengine hayatumwi mtu."

Hapo nilimwelewa kidogo, nakiri. Kwetu baba mkwe haombi radhi kwa mke wa mwanawe. Hujawahi kuona wala kusikia. Hata ukitaka kuyasema, Kikorea chenyewe kinakukwama kooni, maana kila neno unalomwambia mkwe wako limeshaamua kwamba wewe uko juu na yeye yuko chini. Kwa hiyo akataka kuyapata kwa lugha ambayo haimjui. Haya, sawa. Lakini nilikichukua kile kikamusi nikakitazama. Kurasa mia sita. Nikahesabu siku zilizobaki mpaka sherehe ya mtoto. Mia tatu.

"Unakariri kurasa ngapi kwa siku?"

"Mmoja."

"Basi sherehe itakukuta kwenye M."

"Inawezekana."

"Na neno lao la kuomba radhi linaanza na S! Tae-rim aliwahi kuniambia! Anzia S, mzee, uje umalizie hayo mengine uzeeni!"

"Uzeeni ndiyo sasa," akasema. "Na mimi siruki."

"We mwanaume! Mjukuu anaondoka, wewe unaogopa sheria za watoto wa darasa la saba?"

Akalamba kidole, akafungua ukurasa wa kwanza. Ana kichwa kigumu huyu, hata wembe wake unajua.

Ikawa maisha yetu. Kila asubuhi aliandika maneno ya siku kwenye kioo cha kinyozi kwa kalamu nene, na mteja akiketi anageuzwa mwanafunzi. Mteja wake mkubwa ni Mzee Kwak, tarishi mstaafu, mwenye nywele kumi na mbili ambazo huja kuzipunguza kila wiki kwa sababu nyumbani hana wa kugombana naye.

"Deok-su, nimekuja kunyolewa, sikuja shule."

"Soma neno la tatu."

"Silijui."

"Basi tulia. Nina wembe."

Siku za F alimkata sikio. Kwak akapiga kelele mpaka muuza tofu wa jirani akaja mbio, na mume wangu, badala ya kutafuta pamba, akabaki anajiuliza damu kwa Kiingereza ni nini, na neno lenyewe alishalila zamani, siku za B. Lakini lazima niseme haki: yalimkaa. Mwanamume aliyekuwa hakumbuki siku yangu ya kuzaliwa alijua aina mbili za mamba. Alijua kiboko. Alijua magonjwa ya ini, sehemu za ghala, na majina ya vyeo vya makanisa ambayo hatujawahi kuingia. Ila ndiyo hakuijua, wala hapana, wala asante, wala maji, kwa sababu yote hayo yako nusu ya pili.

"Orla akikuomba maji utafanyaje?"

"Nitampa kinywaji. Kinywaji kiko D."

Kila baada ya siku mbili, baada ya chakula cha jioni, alichana karatasi yake, akaikunja mara nne, akaila kwa utaratibu kama anayepokea sakramenti. Mwanzoni nilimwachia. Karatasi za C zikamfunga tumbo siku tano, nikampeleka kwa daktari.

"Unakula mboga, mzee?" daktari akauliza.

"Nakula karatasi."

Daktari akanigeukia mimi, akanitazama kana kwamba ndiye niliyempikia. Tangu siku hiyo nikawa namfungia kila karatasi ndani ya mwani na wali kidogo, iteleze. Miaka thelathini na tisa ya ndoa, nimefikia kumwandalia mwanamume kamusi kama kitafunio.

Wakafika Mei, siku nne kabla ya sherehe. Hawakukubali kulala kwetu. Walipanga chumba kwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni. Hilo peke yake lilinikata maini. Walipopanda zile ngazi, mlango ulikuwa umeachwa wazi tangu alfajiri, nzi wote wa mtaa wamo ndani, na mzee amesimama katikati amevaa tai.

"Jambo!" akasema kwa Kiingereza chake. "Njoo! Ndani! Njaa?"

Orla akatabasamu kwa adabu, tabasamu la kumpa mtu wa ofisi ya uhamiaji, akapita na mtoto begani.

Tukaketi kula. Sasa kwetu, kabla kijiko hakijaguswa, mdogo humkaribisha mkubwa. Tena huanza na mkubwa kuliko wote. Ndiyo sentensi ya kwanza anayofundishwa mkwe, na Orla alikuwa anaijua vizuri kuliko sentensi yoyote ya Kikorea. Akachukua bakuli langu kwa mikono miwili, akaniwekea mbele, akainamisha kichwa. "Karibu kula, Mama." Kisha akaanza kumlisha mtoto.

Baba Tae-rim alibaki na mikono magotini. Alingoja. Supu yake ikafanya utando juu. Tae-rim akakohoa, mimi nikaona aibu ya kufa mtu, mwisho mzee akashika kijiko bila kukaribishwa, kama msafiri kwenye mkahawa wa stesheni. Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Na kila siku alisema Orla mzuri, mtoto mzuri, hewa nzuri, na jinsi anavyopenda samaki. Lile neno, wapi!

"Mzee, umefika wapi?" nikamuuliza siku ya nne.

"Leo nimemaliza M."

"Wataondoka keshokutwa."

"Najua."

"Hutafika S."

"Najua, Mama Tae-rim."

Sauti ilikuwa ndogo, nikamhurumia. Nikasema moyoni, huyu asipokuwa mwizi, mimi nitaiba kwa ajili yake. Asubuhi ya sherehe, wakati yeye ameenda kuchukua keki za mchele, nikachukua kikamusi chake ili nifungue kwenye S, ninakili lile neno kwa herufi zetu kwenye kikaratasi, nimtie mfukoni mwa koti. Nusu ya mbele ilikuwa jalada tupu na nyuzi. Nikafunua N, nikafunua P, nikafika S. Nikatafuta. Nikarudi nyuma, nikaenda mbele. Karatasi ya neno lile haikuwepo. Imechanwa vizuri, imefuata mshono, kama anavyochana yeye.

Mzee Kwak alikuwa jikoni kwangu, amekuja mapema kwa sababu ya harufu ya nyama. Nikamwonyesha.

"Ndugu Kwak, hii imekwenda wapi?"

"Hiyo?" Akafikicha lile sikio lake. "Si aliila zamani? Ndiyo aliyoanza nayo. Nilikuwa nimekaa palepale kitini, ana povu mkononi."

"Zamani lini? Si ameanza mwaka jana!"

"Mwaka jana ameanza A. Hii aliila siku ileile alipokinunua. Wiki moja baada ya kuwafungia watoto mlango. Akaniambia, 'Kwak, nitampigia simu kesho.'" Akaokota kipande cha nyama. "Nilidhani alipiga."

Jamani, nilikaa chini juu ya gunia la vitunguu. Miaka mitatu! Miaka mitatu anatembea na lile neno tumboni, analala nalo ubavuni mwangu, ananiona nalia na picha za mjukuu, na hakuwahi kulitoa. Mamba wawili na kiboko na M nzima, vyote hivyo alikuwa anazunguka tu ili asifike mahali alipokuwa ameshafika. Hasira iliyonipanda ingeweza kuchemsha ile supu bila jiko.

Kwenye sherehe ya mwaka wa kwanza mtoto huwekewa vitu mezani, na kile atakachokamata ndicho kitakachotabiri maisha yake. Uzi, awe na umri mrefu. Brashi ya wino, awe msomi. Mchele, asipungukiwe. Kwak alikuwa ameongeza kitana cha kinyozi, kwa uchokozi. Na kitabu. Tae-rim aliandaa kitabu kizuri chenye picha. Nikakiondoa. Nikaweka kile kikamusi kilicholiwa, jalada linaning'inia, katikati ya meza, mbele ya majirani wote. Makusudi. Nilitaka akione.

Alikiona. Akanitazama, nami nikamkazia macho. Alijua kwamba nimejua. Shingo yake ikawa nyekundu mpaka ndani ya kola.

Nuala akawekwa chini na kijihanbok chake. Akaupita uzi, watu wakasema "Aa!" Akakikanyaga kitana. Akakiendea kikamusi moja kwa moja, akakivuta, akachana karatasi ya huko karibu na mwisho, na kabla mtu hajainuka akaisokomeza mdomoni na kuanza kuitafuna.

Nyumba ililipuka. Kwak alicheka mpaka akashikilia ukuta. "Damu hiyo! Damu ya Deok-su hiyo!" Orla akaruka, akaingiza kidole kinywani mwa mtoto, akaitoa karatasi, imeloa mate. Kisha akakiokota kikamusi, akakipindua. Akauliza kitu. Tae-rim akasita.

"Anauliza nusu nyingine iko wapi."

"Mwambie," nikasema.

"Baba ameila," Tae-rim akamwambia kwa lugha yao, na akamweleza juu ya siku mia tatu, maana nilikuwa nimeshamsimulia. Orla akamtazama mume wangu. Akauliza neno moja tu, na hilo hata mimi nililielewa. Kwa nini?

Mzee akageuza uso dirishani.

"Baba Tae-rim," nikasema, "ile karatasi ya kwanza. Uliyoanza nayo. Nimeitafuta sijaiona. Bado unayo au umeshaipoteza?"

Akasimama. Akavuta pumzi, akalisema. Lile neno la S. Kwa sauti ya kukwaruza, kama kitu kilichokaa sana mahali penye unyevu, lakini lilikuwa lenyewe.

Tae-rim akataka kusaidia, mzee akainua kiganja kumzuia. Akageuka akaonyesha mlango. Akaanza kuokoteza, neno baada ya neno, kutoka kwenye ile nusu yake.

"Mlango," akasema. "Mimi. Funga. Baba mbaya." Akatafuta zaidi, macho juu darini. "Mimi mwoga. Kila siku, mlango, mimi tazama. Kila siku." Alitaka kusema wewe, nikaona, lakini wewe iko mwisho kabisa wa kamusi na hajawahi kuisogelea, kwa hiyo akamwelekezea kiganja kilichofunguliwa. "Binti. Njoo. Tena. Mtoto, njoo tena. Nyumba." Kisha maneno yakamwishia, akabaki amesimama hivyo.

Mimi nilikuwa nimeng'ata ncha ya aproni. Kwak, mchafu yule, alikuwa anapenga kamasi.

Orla alikuwa bado na ile karatasi mkononi. Akaitandaza kwenye kiganja, akaikunja mara nne. Akaishika kwa mikono miwili, akasogea mbele ya mume wangu, akainama, mgongo umenyooka, kama siku ile ya ngazi. Akasema Kikorea.

"Karibu kula, Baba."

Ilikuwa karatasi ya huko U au V, kurasa zaidi ya mia mbili mbele yake, na hakuwa amekariri hata neno moja lililomo. Mwanamume aliyeniambia yeye haruki akaipokea kwa mikono miwili, akaitia kinywani pamoja na mate ya mjukuu wake, akatafuna machozi yakimtoka mbele ya mtaa mzima. Nami nililia, sina haya. Kisha nikamwambia ameze haraka na ashike kijiko, maana supu inapoa na kwetu hakuna wa kuanza kabla yake.